Risala ya Klabu ya Afya na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Geita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na vumbi la barabara ya huku umeshaliona mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa kupanda miti, na miti hiyo ndiyo inayotupa kivuli leo. Mwaka huu tumejikita katika swali moja: zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, inayotumika kwenye mialo ya dhahabu, yaani sehemu za kuoshea mchanga wenye dhahabu, inaingiaje mwilini mwa watu wa kata yetu? Ukiuliza mtaani, wengi watakujibu kwamba ni kwa maji na samaki. Jibu hilo halitoshi.

Mchanga uliosagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, huoshwa, kisha hutiwa zebaki ili ishikane na dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na donge linalobaki huchomwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Mvuke wake hauna harufu wala hauwashi macho, hivyo anayechoma hashtuki, wala mama aliyeketi jirani na mtoto mgongoni. Takribani asilimia 80 ya zebaki inayovutwa kwa pumzi hubaki mwilini, na huathiri ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Mtaani mtu wa namna hiyo huambiwa amezidisha pombe.

Zebaki iliyovutwa kwa mvuke hupimwa kwenye mkojo. Ile inayogeuzwa na bakteria majini na kuingia kwa samaki hupimwa kwenye nywele au damu. Anayepima nywele peke yake anaweza kumwambia mchomaji dhahabu kuwa yu salama, kumbe sivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, eneo letu si geni kwa watafiti. Rwamagasa, humu humu Geita, wachimbaji walipimwa afya zao, na waliokuwa wakichoma dhahabu walikutwa na zebaki nyingi mwilini. Kabla ya hapo, daktari Masazumi Harada, Mjapani aliyetumia maisha yake kuwachunguza waathirika wa sumu ya zebaki katika mji wa Minamata, Japani, alishiriki kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1999. Baadhi ya waliokutwa na kiwango kikubwa hawakuwa wachimbaji kabisa, na chanzo kilichoshukiwa zaidi kilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Dada zetu mliopo hapa, hilo linatuhusu sana.

Kwa upande wetu, tumechora ramani ya kata inayoonyesha mahali dhahabu inapochomwa. Vipimo hatuna, kwa hiyo ramani yetu haisemi nani anaumwa. Inaonyesha tu kwamba uchomaji mwingi hufanyika kwenye makazi, mara nyingine nyuma ya jiko la nyumbani.

Hatuombi mialo ifungwe. Sare na madaftari ya wengi wetu yametoka hukohuko. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka nchi zenye wachimbaji wadogo kama sisi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi. Tunaomba ofisi yako isaidie kutenga sehemu ya kuchomea mbali na nyumba, yenye retoti, yaani chombo kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mchimbaji naye anafaidika, kwa sababu zebaki anainunua.

Pia tunaomba Mganga Mkuu wa Wilaya ashirikiane na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupima mkojo wa wachomaji na wa wanaoishi jirani nao, wajawazito wakitangulizwa. Kila aliyepimwa apewe jibu lake kwa siri, na hali ya jumla isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha ambayo bibi zetu wataielewa.

Mwisho, klabu haina kompyuta wala printa. Ramani tumeichora kwa mkono, ipo kwenye meza iliyo upande wako wa kulia, na tutafurahi ukiipitia kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.