Fundi hushona barazani, mwandishi ajifiche kwa nini?

Mhariri,

Juzi katika ukurasa huu msomaji mmoja wa Eldoret alilalamika kwamba simu zimetugeuza watu wa kukaa laivu, yaani kujirusha mubashara mtandaoni, usiku kucha tunatazamana nyuso na kutumiana mawaridi ya kwenye kioo, na akaitaka serikali ifungie mbali mtindo huo. Si wa kwanza kuliomba hilo. Mwaka 2023 ombi la kupiga marufuku TikTok lilifika mpaka Bungeni. Mengi aliyoyasema siyapingi; nina mabinti nyumbani na najua kinachorushwa baada ya saa nne usiku. Ila alipoandika kwamba hakuna kazi ya maana inayoweza kufanyika mbele ya kamera ile, niliweka mkasi chini nikatafuta karatasi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa mjini Kakamega. Riziki yangu kubwa ni sare za shule, kisha nguo za harusi na za mazishi kadiri zinavyoletwa. Nashonea kwenye baraza ya duka la mtu, si mbali na Muliro Gardens, cherehani ikitazama barabara. Vilevile naandika hadithi. Sijigambi, zilizochapishwa ni chache, na mojawapo ilitoka jina langu likiwa limeandikwa visivyo. Nalitaja hilo kwa sababu ipo miaka iliyopita bila mimi kuandika hata sentensi, na kilichonirudisha mezani ni hiyo hiyo laivu ambayo mwenzangu anataka ifungwe.

Mtu haamki siku moja akaacha kuandika. Shule zinafunguliwa Januari, unashona hadi macho yanauma, unajiambia utarudi Februari. Februari wenye madeni ya sare wanakukwepa, unaanza kuwafuata. Kisha kuna msiba, kisha ni muhula wa pili. Nilikuwa na daftari zuri, lenye jalada gumu, nililolinunua kwa ajili ya riwaya. Taratibu likageuka la vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono, nani kalipa nusu. Na katikati ya viuno vya watu, mhusika wangu Nafula alibaki amesimama kwenye daraja la mto Isiukhu akimsubiri mtu ambaye hata mimi sikuwa nimeamua ni nani.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, anasomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Yeye alizoea kudurusu huku amefungulia video za vijana wa Korea Kusini wanaojirusha mubashara wakisoma tu, kimya, saa nzima na zaidi, hawaimbi wala hawachezi. Akaniambia, “Anti, wewe nawe andika hivyo. Wataona mikono yako basi.” Nikacheka. Nani aamke kutazama mikono ya fundi?

Lakini hebu tuitazame kazi yangu ya mchana. Kutwa nashona mbele ya umma. Wapita njia wananiona nikitunga uzi kwenye sindano, nikifumua pindo, nikigombana na zipu. Seremala jirani yangu anapiga randa nje, mbao zimejaa njiani. Hakuna aliyewahi kutuambia tunajionyesha. Mwandishi peke yake ndiye tunayetaka ajifungie chumbani na asionekane hadi atoke na kitabu kizima, na asipotoka tunasema hakuwa na kipaji. Pale barazani kuna siku sina hamu kabisa ya kushona, lakini nashona, kwa sababu mama wa mtoto wa darasa la nne ataniona nikiwa nimekaa bure wakati sare ya mwanawe haijaisha. Aibu hiyo ndogo ndiyo iliyokosekana kwenye uandishi wangu.

Basi tukaanza. Simu inategemezwa kwenye rundo la vitambaa, inaangalia meza kwa pembe ambayo mikono inaonekana ila maandishi hayasomeki. Ni saa kumi na moja alfajiri. Aliyewahi kuishi Kakamega haulizi kwa nini si jioni: mvua yetu hupenda alasiri, huja na ngurumo, na stima ikaondoka nayo. Natoa salamu moja, nanyamaza. Naandika dakika 25, napumzika tano, narudia. Kipimo hicho si changu; ni cha Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyekitunga akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mimi natumia saa ya mezani ya kawaida, maana simu iko kazini. Maoni ya watu nayasoma katika zile dakika tano pekee. Ukiyasoma huku unaandika, hukuandika. Ulikuwa unapiga gumzo umeshika kalamu.

Wanaokuja si wengi. Tukijaa sana tunaweza kupanda matatu moja na viti vikabaki. Yupo mlinzi wa usiku wa Kitale ambaye huandika mashairi akisubiri wa zamu ya asubuhi. Yupo nesi wa Mumias anayeandika kumbukumbu za marehemu baba yake, aliyekuwa mkulima wa miwa. Yupo mmoja ambaye hajawahi kusema neno, huingia tu na kutoka. Hawaji kunitazama mimi. Kila mmoja ana karatasi yake mbele yake, na mimi nisipotokea wananipigia simu kuuliza kama niko mgonjwa.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa laivu nao hawatalipenda. Macho ya watu hayasaidii kila kazi. Mpwa wangu alinisimulia majaribio ya mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani. Mwaka 1965 alieleza kwamba kuwepo kwa wengine humfanya mtu afanye vizuri zaidi lile analolijua tayari, na humvuruga katika lile ambalo bado linamtatiza. Mwaka 1969, yeye na wenzake wakalijaribu hilo kwa mende. Ndiyo, mende wa jikoni. Waliwatia mende katika njia iliyonyooka na wengine katika njia yenye kona, taa kali ikiwafukuza kuelekea gizani, huku mende wenzao wamewekwa pembeni kama watazamaji. Kwenye njia iliyonyooka, mende aliyetazamwa alikimbia kwa kasi zaidi kuliko aliyekuwa peke yake. Kwenye njia yenye kona alichelewa zaidi.

Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Halafu nikaona ni kweli tupu. Mbele ya kamera naweza kuketi, naweza kunakili ukurasa, kusahihisha, kuendeleza tukio ambalo nimeshaliamua. Fundo la hadithi lenyewe, kama vile nani anayekuja pale darajani na kwa nini amechelewa, silifungui alfajiri nikitazamwa. Hilo nalifungua mchana nikikanyaga pedali, au nikitembea kwenda kununua vifungo. Anayetaka kamera imtungie hadithi atarudi hapa kulalamika kama yule wa Eldoret.

Kilichojengeka kwangu ni mazoea, na mazoea hayana haraka. Huwa tunaambiwa siku 21 zinatosha. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia tendo moja la kila siku, kama kunywa maji au kutembea. Makadirio ya muda wa tendo hilo kugeuka mazoea yalitoka siku 18 hadi 254, na wa katikati alikuwa kwenye 66. Tena wakaona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ndilo lililonifaa mimi, ambaye mazishi ya ukoo hunipeleka Vihiga bila taarifa. Zamani nikikosa siku moja nilijihesabu nimeshindwa, naacha hadi mwaka mwingine. Sasa nikirudi kutoka msibani nafungua simu, mlinzi wa Kitale ananipa pole, tunaendelea.

Kwa sababu hiyo hiyo sikuwahi kuvutiwa na ule mtindo wa Wamarekani, ulioanza mwaka 1999, wa kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, uliokuja kuwa Novemba. Ni maneno 1,667 kwa siku, na Novemba ndipo naanza kukata sare za Januari. Shirika lililousimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango.

Gharama zipo, na nisipozitaja nitakuwa nawadanganya vijana. Video ya kawaida, isiyo kali sana, ikirushwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Kwa fundi hiyo ni pesa. Tulipunguza ubora wa picha hadi mikono yangu ikawa kama ya mtu aliye ndani ya maji, na hakuna aliyelalamika. Siku bando ikikatika tunapigiana ya sauti kwa WhatsApp, kila mtu anaweka simu mezani tunasikilizana kukwaruza kwa kalamu, na kazi inakwenda vilevile. Kuhusu YouTube, hairuhusu kwenda laivu kwa simu kabla hujapata wafuasi 50, kwa hiyo nusu ya kwaya yetu ya kanisa ni wafuasi wangu mpaka leo bila kujua wanafuata nini. TikTok nayo inataka uwe umetimiza miaka 18, na hapo naiunga mkono. Mtoto wa shule anayetaka kuandika akae na mwalimu wake au na mzazi, asirushwe hewani.

Na mswada wa hadithi usisomeke. Mashindano mengi ya uandishi yanataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na waandalizi wengine wanahesabu kilichoonyeshwa mtandaoni kuwa kimechapishwa. Ndiyo maana ya ile pembe ya kamera. Baada ya kipindi nafuta rekodi. Hakuna atakayetaka kurudia kutazama fundi akifikiri. Daftari la vipimo nalo nililiondoa mezani kabla hatujaanza, maana kuna wateja wangu ambao wangehama mji kama viuno vyao vingetokea mtandaoni.

Mwenzangu wa Eldoret atasema hayo ni ya watu wachache. Ni kweli. Lakini katika kaunti zetu hizi, kijana anayeandika Kiswahili anamaliza shule, anamwacha mwalimu aliyekuwa akimsomea insha, na tangu hapo hakuna mtu hata mmoja anayejua kama ameandika au hakuandika. Vyama vya uandishi viko vyuoni. Asiyefika chuo anabaki na simu. Ukiifunga hiyo simu, umempa nini badala yake?

Mimi nina pendekezo. Maktaba nyingi za umma siku hizi ziko mikononi mwa kaunti. Zina meza, zina viti, zina soketi, na Jumamosi asubuhi zina nafasi. Chumba kimoja kitengwe kwa saa mbili, kiwe cha kuandika tu: hakuna mgeni rasmi, hakuna hotuba ya ufunguzi, hakuna fulana zenye nembo. Simu moja ielekezwe mezani ili wa Mumias na wa Kitale waandike nasi kutoka waliko, na bando ya saa mbili ilipwe na kaunti, ambayo nina hakika hulipia mengi yasiyofikia faida hiyo. Mkutubi hahitaji kufanya lolote ila kufungua mlango na kutazama saa. Stuli nitaleta yangu.

Kama yupo ofisa wa utamaduni au wa maktaba anayeusoma ukurasa huu, namwomba ajibu hapa hapa ili na wa kaunti nyingine wasome. Ila ajibu kabla ya Novemba, maana nikishaanza kukata sare sipatikani.

Fundi wa nguo,
Kakamega