Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bendi Yetu na Watu Wake

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mmekwisha kusomewa na mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya mnayo mikononi. Hayo sitayarudia. Nafasi yangu yote nitaitumia kuzungumzia bendi, maana ndiyo iliyotunyima usingizi mwaka huu na ndiyo iliyotufurahisha. Nikimaliza nitawaomba uamuzi mmoja juu yake.

Wengi mliojiunga karibuni mmeikuta bendi ikiwa jukwaani na spika zake. Hamkuiona siku za mwanzo. Chama hiki kilianza kama kikao cha wasikilizaji tu wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Tulikuwa tukikutana Jumapili baada ya ibada, hapa hapa Nakuru, kila mtu na kaseti au santuri yake, tunasikiliza Jim Reeves, Charley Pride, Don Williams na Dolly Parton hadi jioni. Mzee wetu wa Bahati alikuwa akija na santuri alizoachiwa na babake, amezifunga kwa leso, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa isipokuwa yeye. Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini nyumba nyingi za Bonde la Ufa zimelelewa na sauti yake.

Jumapili moja stima ilipotea katikati ya wimbo. Kijana mmoja kutoka Njoro, ambaye hata hatukujua anapiga gitaa, akachukua gitaa kavu lililokuwa limeegemezwa ukutani na kuuendeleza wimbo kutoka pale ulipokatikia. Tuliuimba sote mpaka mwisho, kisha tukaimba mwingine. Stima ilirudi na hakuna aliyeinuka kuwasha gramafoni. Bendi ilizaliwa siku hiyo, ingawa ilichukua miezi kadhaa kupata watu watano: kijana wa Njoro kwenye gitaa la solo, binamu yake kwenye ridhim, mpiga besi tuliyemtoa kwenye kwaya, mwimbaji, na mpiga dramu.

Huyo wa dramu ndiye aliyetuletea ugomvi wa kwanza. Wazee wetu kadhaa walisema kantri haina dramu, kwamba tukiziweka tutakuwa bendi ya harusi. Sikuwalaumu, kwa sababu hata Nashville kwenyewe, mji wa kantri kule Marekani, kwenye jukwaa la Grand Ole Opry lililoanza mwaka 1925, dramu zilikataliwa kwa miaka mingi. Lakini vijana walikuwa wanapenda kantri iliyochanganywa na roki, ile iliyoshamiri Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, gitaa za umeme na mdundo mzito chini ya hadithi ile ile ya shamba, barabara na mapenzi. Tulikubaliana kwamba nusu ya kwanza ya kila shoo ipigwe kwa utulivu, mpiga dramu akitumia brashi badala ya vijiti, na nusu ya pili aachiwe. Utaratibu huo tunaufuata hadi leo, na nimewaona wazee wale wale wakisimama kwenye nusu ya pili.

Sasa nije kwa mwaka huu.

Mwezi wa pili mpiga besi wetu alipata kazi ya udereva Qatar. Alituambia siku ya mazoezi, akiwa bado amevaa mkanda wa gitaa begani, na hakuna aliyejua la kusema. Alipiga nasi hadi usiku wa kuamkia safari. Baada ya wimbo wa mwisho alilifuta gitaa kwa kitambaa, uzi mmoja mmoja, nyuzi zote nne, akalilaza kwenye kasha na kunikabidhi mimi funguo. Gitaa lile ni la chama. Lakini namna alivyolifuta, ungedhani anamlaza mtoto.

Tulimtafuta mwingine. Wa kwanza alikuwa fundi kweli kweli, vidole vyake vinakimbia, na tulidhani tumepata. Alikaa nasi majuma matatu. Shida haikuwa tabia, kwa sababu ni muungwana. Shida ni kwamba alipiga noti nyingi mno. Besi ya kantri ni kama mtu anayetembea kuvuka shamba: noti ya kwanza ya kodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja, halafu ya tano, kushoto, kulia, huku wenzake wakipata nafasi ya kupumua juu yake. Yeye alijaza kila pengo, na mwimbaji akakosa mahali pa kuweka neno. Tuliagana vizuri, naye sasa anapiga rhumba na anapendwa huko.

Hapo ndipo binamu mpiga ridhim aliposema atahamia besi. Wengine walicheka. Mimi nilimwamini kwa sababu nyuzi nne za besi hufungwa sauti kama zile nne nene za gitaa la kawaida, ila zinashuka oktavu moja, kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa unazijua njia tayari. Alichohitaji ni subira ya mkono wa kulia. Kwa miezi miwili alifanya mazoezi na mpiga dramu peke yao, bila gitaa, bila sauti, nao ukuta wa jirani ni shahidi. Leo, mkisikia bendi imesimama imara chini, ni yeye.

Tukafikiri tumevuka. Mwezi wa sita mpiga dramu akatuacha, akaenda bendi ya harusi inayolipa kila Jumamosi. Baadhi yenu mlimsema vibaya, na maneno mengine yalinifikia. Naomba yakome. Ana watoto watatu, nasi hatukuwa na shoo za kumlisha. Alirudi mwezi wa tisa kwa hiari yake, kwa makubaliano kwamba tarehe za harusi azijue mapema na sisi tupange mazoezi kuzizunguka. Mtu akitoka si msaliti. Hata Eagles, bendi ya Marekani ambayo ndiyo vijana wetu wanaitazama sana, walibadilisha watu. Bernie Leadon alitoka mwaka 1975 akaingia Joe Walsh, na Randy Meisner alipotoka mwaka 1977 nafasi yake ikachukuliwa na Timothy B. Schmit. Huyo Schmit ndiye aliyekuwa amempokea Meisner besi katika bendi ya Poco mwaka 1969! Mtu yule yule, nyayo zile zile, mara mbili. Bendi inadumu pale kila nafasi inapoheshimiwa, ili anayeondoka aache mahali panapojulikana na anayeingia ajue anaingia wapi.

Badiliko ninalolifurahia kuliko yote ni la dada wa fidla. Alijifunza shuleni, akaendelea kanisani, na alipokuja mazoezini mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha nyuma na fidla ikiwa ndani ya kasha kwa saa nzima. Mwimbaji ndiye aliyemuuliza, "Mama, hiyo ni ya kupiga au ya kubeba?" Akaitoa. Alipovuta upinde mara ya kwanza mpiga solo aliacha kupiga, akamtazama. Tangu siku hiyo wanagawana wimbo nusu kwa nusu.

Mlimsikia kule Molo, wale mliokuja. Tulikuwa tumefunga nyuzi ndani ya chumba chenye jiko la makaa, tukatoka nje jioni kwenye ule ukungu mnaoujua, na baridi ikazikaza nyuzi za chuma zote zikapanda sauti. Wimbo wa kwanza ulianza, gitaa ziko juu na fidla nayo ina yake. Dada hakuonyesha dalili yoyote. Alisogea mbele, akawapigia watu tenzi polepole peke yake, huku nyuma wenzake wakifunga nyuzi upya kwa sauti yake. Watu wa Molo walidhani ndivyo shoo yetu inavyoanza. Tangu hapo tunatoa vyombo nje nusu saa kabla ya kuanza.

Yapo yaliyotuumiza pia. Mwenye klabu mmoja alitualika usiku mbili, akalipa mmoja. Tulimwendea kwa upole, tukamwendea na barua, na mpaka leo salio halijalipwa. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa hatupandishi spika kwenye gari kabla ya nusu ya malipo kuingia M-Pesa ya chama na karatasi kutiwa sahihi. Wapo watakaosema tumekuwa wagumu. Vijana hawa walirudi nyumbani saa tisa usiku kwa nauli zao wenyewe, na sitakubali litokee tena nikiwa mwenyekiti.

Nije sasa kwenye jambo lililo moyoni mwangu.

Tunapiga nyimbo za wenzetu, tunazipiga vizuri, na watu wanacheza. Ila hakuna wimbo hata mmoja wa kantri unaojulikana kuwa ni wetu sisi wa Nakuru. Mwezi wa nane mzee mmoja mgeni wa mwanachama wetu, mtu wa upande wa Kakamega, alikaa nasi mazoezini. Tulipopumzika aliomba gitaa kavu. Akapiga omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya ambao George Mukabi aliutia umaarufu kabla hajafa mwaka 1963. Kidole gumba kinatembea kwenye besi, cha shahada kinaimba juu, na mjukuu wake anakwaruza mikunjo ya chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Mpiga solo wetu alishika kichwa. Alikuwa amehangaika mwaka mzima kujifunza upigaji wa gumba na shahada wa Merle Travis wa Kentucky, akitazama video kwenye simu, na sasa mzee aliyekunywa chai naye anafanya kitu ndugu yake kabisa, amekitoa kwao. Walikaa pale mpaka giza. Mzee alimshika kidole gumba akamwambia, "Huyu asilale."

Na kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika na vyombo vyake vya kurekodi katika nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho, akarekodi wasichana wakimwimba "Chemirocha". Jina hilo, kwa matamshi yao, ni Jimmie Rodgers, yule wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sauti yake ilikuwa imewafikia kwa gramafoni. Wasichana wale hawakumwiga. Walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swara, wakamwimbia kwa wimbo wao na kinubi chao. Kila nikisikiliza rekodi ile nafikiri: hawa walipokea kantri miaka zaidi ya sabini iliyopita, kwa majirani zetu wa Kericho, na papo hapo wakaifanya yao. Sisi tuna gitaa za umeme na tungali tunaomba ruhusa.

Bendi imekwisha kuanza. Ina nyimbo nne za Kiswahili. Mmoja ni wa makanga anayetuma nauli nyumbani asikoweza kwenda. Mwingine ni wa reli na dada aliyengoja treni ya abiria isiyokuja. Mmoja una fidla na chupa ya Fanta pamoja, na huo ndio ninaoupenda. Zimeandikwa na watu wote sita, pamoja na kijana mpya wa ridhim, na kila mmoja ametia sahihi kwenye karatasi inayosema nani alitunga maneno na nani tuni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada yake, kwa hiyo karatasi hiyo ni urithi wa watoto wao. Anayehama kesho kwenda Qatar au kwenye harusi ataondoka na sehemu yake. Nadhani hilo, kuliko hotuba yangu yoyote, litawafanya wajione wenye bendi.

Ombi langu basi. Akiba ya bendi inatosha kufanya jambo moja kati ya mawili. Tunaweza kununua spika kubwa, na nakiri za sasa zinakoroma tukipiga uwanjani. Au tunaweza kuingia studio na kurekodi nyimbo hizi nne sawasawa, kisha tuzipeleke Kericho, Kisumu na Kakamega kwa miguu yetu, tukianzia kwa yule mzee. Kamati iligawanyika katikati. Mimi niko upande wa studio, na sioni haya kuwashawishi: spika za kukodi zipo mjini kila siku, lakini watu hawa sita, wakiwa wamekaa pamoja kwa uelewano huu, hatujui tutakuwa nao hadi lini.

Tutapiga kura kwa kuinua mikono baada ya chai. Kabla ya hapo bendi itawapigia ule wa treni. Kijana aliyeketi kwenye ridhim ni mgeni, ana mwezi mmoja nasi, anatoka Elburgon, na leo ndiyo mara yake ya kwanza mbele yenu. Mkaribisheni.

Nawasilisha.