Madaktari wa upasuaji, tuandikieni mmekwangua mpaka wapi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua.

Kazi yangu ni kodi, sio ile ya mapato, ni kodi za matibabu, yani nasoma ripoti ya operesheni alafu naigeuza iwe namba ambazo bima za Marekani zinasoma ndo zinalipa. Siku nzima nasoma vidonda. Na wanaonitoa jasho kuliko wote ni wagonjwa wa vitundu sugu vya usaha, vile vya kwapani, kwenye kinena au juu ya mpasuo wa makalio, kwa juu unaona kitobo cha kuingia njiti ya kiberiti lakini chini ya ngozi kuna mfereji umepinda huku na huku.

Juzi imekuja ripoti, mifereji imefunguliwa, nyama mbovu imetolewa, damu imedhibitiwa, basi. Sasa mimi niweke nini? Mfumo wa CPT, yani orodha ya kodi hizi, kwenye kukwangua nyama mbovu unataka kujua nyama iliyotoka ni ya tabaka gani na eneo lake ni sentimita za mraba ngapi. Ukiishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi ni 11042, ukifika kwenye msuli au utando wake ni 11043, mfupa ni 11044, na kila moja inabeba sentimita 20 za mwanzo tu.

Tuseme kafungua mifereji mitatu, 5 kwa 2, 4 kwa 2 na 3 kwa 2, yote kaishia kwenye mafuta. Unajumlisha unapata 24, unaweka 11042 mara moja na 11045 mara moja kwa zile 4 zilizozidi, sio 11042 mara tatu kama nilivyokuta mtu kafanya. Ila kama ule wa pili alikwangua mpaka msuli hesabu yote inavunjika, ule unaenda peke yake kwenye 11043 na miwili iliyobaki, 16, inakaa kwenye 11042. Neno moja tu, msuli, na analo daktari peke yake.

Alafu kuna hili la urefu. Kijiti cha kupimia kikizama sentimita 6 mtu anadhani tayari kafika kwenye msuli, hapana jamani, inahesabiwa nyama iliyotolewa sio kijiti kilikoishia. Na kama mfereji umekatwa ukatoka mzima na ngozi yake hiyo sio kukwangua tena, vile vitundu vya kwapani, kitaalamu hidradenaitisi, vina 11450 au 11451 kutegemea kidonda kilivyoshonwa, ule wa juu ya makalio una 11770 mpaka 11772.

Kubahatisha siwezi, nikipandisha kodi bila maandishi huo ni udanganyifu. Nikimwandikia daktari anajibu baada ya wiki mbili kwamba hakumbuki, na simlaumu, kashapasua wangapi hapo katikati. Huku bima imeshakataa na mgonjwa, ambae pengine kazungushwa miaka akiambiwa ni majipu tu, anatumiwa bili.

Wekeni rula kabla ya bandeji, andikeni kila mfereji na tabaka lake. Kuna mmoja aliandika hivi: kwapa la kushoto, 4 kwa 2, nimetoa mafuta yaliyokufa, utando wa msuli sikuugusa. Hiyo niliimaliza chai yangu bado ya moto.

Msoma ripoti