Salma mwanangu, chukua upondo

Mwanangu Salma,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako linaloamka na kulala linavyotaka. Picha yako imefika. Tangu jana naitazama, na si kwa furaha peke yake. Umesimama katikati ya mto, maji yamekufika kiunoni, mkononi una ufito wako mwembamba wa kuvulia, na upondo, ile fimbo ndefu ya kupimia maji, siuoni. Nimeikuza picha mpaka ikavurugika. Siuoni.

Sasa unasema Jumatatu unakwenda mto Kaitum, huko kaskazini mwa Uswidi, siku 5, peke yako, kuvua yule samaki wenu wa mtoni, harr, na simu huko haishiki. Sikukatazi. Una miaka 31, umewauguza watu wa nchi ya wenzetu mpaka wanakuita kwa jina, na hapa Kigombe hakuna asiyejua hivyo, maana nimewaambia wote.

Ila maji maangavu huongopa. Unayoyaona ya pima tatu ni ya pima nne, na hapo ni ukiwa umeyainamia wima. Ukiyatazama kwa upande, kama unavyosimama wewe mtoni, huongopa zaidi. Kokoto unazihesabu moja moja, unadhani mguu utagusa, hugusi. Maji ya tope kila mtu huyaogopa bila kuambiwa. Ya siku ile siyarudii, unayajua. Lakini aliyesema "panafika magotini" hukuwa wewe.

Basi jicho liache, amini upondo. Uliniambia fimbo ile ni ya wazee. Huku mtoto wa miaka 10 hashuki chomboni kabla hajapima. Huo uzee umeuona wapi?

Samaki mwenyewe amenipendeza, sifichi. Pezi la mgongoni ni tanga kamili, na uliposema dume humfunika jike kwa pezi hilo wakati wa kutaga, barafu ikishaondoka, niliwasimulia wavuvi wote pwani. Wakataka kujua kinywa kikoje. Nikasema kidogo, kimeelekea chini, lakini huinuka kutoka chini kabisa kumfuata inzi anayeelea, kisha hurudi zake. Na huyo inzi mnamfunga kwa manyoya ya shingo ya jogoo! Sisi manyoya tuliyafunga kwenye ndoana za kurambazia. Vidole vyako vya kufunga fundo vimetoka kwangu, hilo nalidai.

Lakini samaki huyo ndiye anayekuvuta. Umesema wakubwa hukaa ng'ambo, ukingoni mwa mkondo, na ukiurusha mshipi kutoka mbali maji huuburuza, inzi akaonekana wa uongo, harr asimguse. Kwa hiyo unasogea hatua moja. Kisha nyingine. Kushuka na mkondo ni rahisi, Salma; kurudi ndiko kugumu. Tena Kaitum unaingia Kalix, ambao umesema ni mmoja wa mito minne iliyokingwa isijengwe mabwawa ya umeme tangu 1993. Waswidi nawasifu kwa hilo. Ila mto usiozibwa huifuata theluji: jua likiwaka milimani, maji hupanda. Ulipovuka asubuhi, jioni hapavukiki. Na jioni yenyewe huko kwenu mwezi huu haijulikani, jua halizami. Utavua mpaka miguu itetemeke na hutajua ni saa ngapi.

Ukianguka, wewe muuguzi unajua kuliko mimi baridi inavyokata pumzi dakika ya kwanza, na mikono inavyolegea baadaye. Mimi nasema tu ukaze mkanda juu ya ile suruali ya mpira isijae maji, na kila siku uende na upondo. Kuogelea ulifunzwa na wenzako. Mimi kila siku nilikuwa na haraka ya kuwahi mnada.

Pesa zimefika. Mabati ya jiko yamepigwa, yamebaki matatu, nimeyaweka uvunguni kwa bibi yako. Mrengu wa kushoto wa ngalawa umeoza. Bakari anataka tuuze ngalawa yote tununue boti ya faiba, na mimi sitaki, kwa hiyo wiki hii hatusemezani sana. Ukizungumza naye usimpe moyo. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike.

Mama yako anauliza harr anapikwaje. Nilimwambia wengine mnawarudisha majini wakiwa hai, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema usafiri wote huo. Mwambie utakula hata mmoja.

Kama upondo hakuna, kata mti wowote mnyoofu unaokufika begani, mradi uwe mkavu na usiopinda ukiuegemea. Ukiona upondo unazama zaidi ya ulivyotarajia, rudi hapo hapo, usijadiliane nao.

Siku ya 5 ukifika penye mtandao, mpigie mama yako kwanza. Nitakuwa nimekaa pembeni yake. Halafu nitumie picha nyingine, na upondo uonekane.

Baba yako,
Kigombe