Kinyesi cha kuku kisiishie mitaroni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kinyesi cha kuku tunaofuga majumbani hapa Ujiji na Mwanga, ambako viwanja vingi ni vidogo na wengi wetu hatuna pa kuchimba shimo la mboji. Inaniuma kuona kinyesi hicho kikimwagwa mtaroni, kwa kuwa mvua za Novemba hukisomba hadi Ziwa Tanganyika, ambako watu huchota maji na watoto huogelea.

Banda likitandikwa maranda au pumba za mpunga na kuwekwa kavu, harufu kali ya amonia hupungua sana, na uchafu wake huweza kuzolewa kwenye viroba na kupewa wakulima wa michikichi na mahindi wenye nafasi ya kuuozesha. Usimwagwe mbichi kwenye mchicha, maana huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya salmonela. Anayezoa naye afunike pua, kisha anawe kwa sabuni.

Naiomba halmashauri itenge mahali pa kukusanyia viroba hivyo karibu na masoko, kwani wakulima wanaoleta mazao kwa baiskeli hurudi shambani keria zikiwa tupu.

Mfugaji,
Ujiji, Kigoma