Mdogo wangu, Babu hakuwa mvuvi

Mdogo wangu, salaam. Huku nyumbani hatujambo, Bibi magoti yanamsumbua ila anakula vizuri, na ule mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yanagusa bati. Nakuandikia hapa mbele za watu kwasababu kule WhatsApp meseji zangu zimebaki na tiki moja moja tangu mwaka jana, na najua hutaki kuongea na mimi lakini kusoma huachi.

Ile voisi uliyoniachia usiku unaondoka bado ninayo. "Dada, mimi saa hizi nina kazi gani duniani, kutunga mashairi, kitu nilichokuwa nakijua peke yangu mtaa mzima, mashine inakimaliza kabla sijapata kina cha kwanza." Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Sikukujibu kwasababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haijaisha, kwahiyo usitegemee barua yote hii iwe ya kukubembeleza.

Siku ya arobaini ya Babu ulisimama pale barazani na kanzu yake, wajomba wako mkekani, ubani unafuka, watu wote wa barabara yetu wametulia kwasababu wanajua wewe ndo mwanafunzi wa mzee. Sisi tuko uani na masufuria ya pilau. Ukatoa simu ukaanza kusoma shairi. Ubeti wa kwanza nikasema labda huzuni imemzidi. Ubeti wa tatu ikaja ngalawa, zikaja nyavu, Babu anapambana na mawimbi alfajiri na bahari inamlilia mvuvi wake hodari. Bibi alikuwa chumbani kwenye eda, dirisha liko wazi, na ile sauti yake ndogo ikatoka, "Mvuvi gani huyo?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayedhani amekosea msiba.

Babu ambaye hakuwahi kupanda hata mtumbwi! Miaka 24 kwenye korona, kile kiwanda cha mkonge, masikio yake yalifia mule kwenye kelele za mashine ya kusaga majani, mikono imebabuka kwa maji ya mkonge mpaka uzeeni akishika chumvi anasikia. Babu aliyekuwa kila Ramadhani baada ya futari anatusimulia kwamba mashamba yote yale yalianza na miche 62 tu, kwamba Mjerumani Hindorf aliagiza 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 mingine yote ikafia njiani, na wewe kila mwaka unauliza swali lile lile, "sasa Babu aliyeihesabu ni nani?" na yeye anacheka. Ungeanza na hiyo tu, miche 62. Bibi angekujua unamsema nani.

Najua nilichofanya baada ya pale. Nilitoka uani nikaingia katikati ya wanaume, kitu ambacho sijawahi kufanya na sitarudia, nikakupokonya simu nikasoma kwa sauti ulichoiandikia ile programu: niandikie shairi la kumkumbuka babu yangu aliyefariki, mzee wa Tanga, mtu wa pwani. Basi. Hakuna jina, hakuna mkonge, hakuna Bibi. Uliipa pwani ikakurudishia mvuvi, ingekupa nini kingine? Ile kitu inakisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, na kwenye maandishi ya watu mzee wa pwani siku zote ana nyavu. Yenyewe haina kosa. Wewe ulimjua Babu. Mjomba mkubwa anasema nilikuaibisha mbele ya watu na ningesubiri wageni waondoke, sawa, lakini Bibi angebaki na yule mvuvi mle chumbani miezi mitatu iliyobaki ya eda, mimi hilo sikuweza.

Na kabla hujalisema nalisema mwenyewe, mimi ndo niliyekuonesha. ChatGPT, ndo programu yenyewe, ilivyoanza kuvuma, baada ya ile Novemba 2022, wateja wa stesheneri wakawa wanakuja na barua zimeshaandikwa kwenye simu wanataka kuprinti tu, na kutunga barua za maombi ya kazi ndo kulikuwa kunalipa kodi ya fremu. Nikajifunza ili nisifunge. Nikakuita nikakuonesha uandike CV na zile barua za kizungu zilizokuwa zinakula usiku wako, ili usiku ubaki wa kutunga. Sikukuonesha ili ukampe na Babu.

Usiku ule wageni walipoondoka nilikaa na lile shairi nikahesabu mizani kwa vidole kwenye goti, kama Babu. Mshororo mmoja 17, mwingine 14, mwingine 19, vina vya kati hakuna kabisa. Mteja wangu mmoja anayesomea kompyuta alinieleza kwamba hizi programu hazisomi silabi kama sisi, neno linakatwa vipande vyao wenyewe, ndo maana kuhesabu kunazishinda. Labda mwakani zitaweza, sijui, na sitaki ushikilie hilo, kwasababu hata ikileta mizani nane kwa nane bila kukosea haijawahi kukaa na Babu pale kizingitini akikurudisha, "tisa hiyo, punguza," mara kumi na tano mpaka kahawa inapoa.

Unaniuliza una kazi gani duniani. Babu naye walimuuliza. Miaka ya 60 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, zikaja kamba za nailoni na plastiki bei ikaanguka, mashamba yakaendeshwa vibaya, mengine yakarudi pori, na mpaka miaka ya 90 inaisha ilikuwa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Alirudi nyumbani na mfuko mmoja. Hakuna aliyemlipa tena, na alisokota kamba mpaka anakufa, za mbuzi, za ndoo ya kisima, na wewe pembeni yake unahesabu mizani kwa misokoto. Sikwambii ilimlisha, aliyemlisha ni Bibi na vitumbua vyake. Nakwambia hajawahi kuamka asubuhi akakosa cha kufanya.

Najua utasema mimi ndo niliyekwambia uache mashairi ukasome uhasibu. Nilisema. Dawa za presha za Babu nani alikuwa ananunua? Nilikuwa nashona mimi, unakumbuka zile gauni za watoto, cherehani nimeiuza ada yako ya mwaka wa pili ilipopungua, na sikukwambia mpaka leo kwasababu ungegoma. Na nilikukumbusha Shaaban Robert, tulipopelekwa Machui na baiskeli kuona kaburi lake, kwamba miaka yote ile alikuwa karani, mpaka forodhani Pangani, na akaandika. Nilikuwa nakwambia ufanye vyote viwili. Wewe ulisikia neno acha tu.

Hapa nimeandika kama tuko wawili jikoni. Nisamehe kwa hilo, watu wameshasoma habari za cherehani.

Bibi alishatoka eda. Bado anaulizia utatunga lini cha kwako. Daftari la Babu ninalo dukani kwenye droo, kurasa za nyuma kuna beti zako za darasa la sita amezisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikutumii picha, uje uchukue. Na ukiamua kunijibu piga simu, usiniandikie, maana ukiniandikia nitakaa nahesabu mizani nikijiuliza ni wewe au sio wewe. Fremu nafunga saa moja, piga baada ya isha.