Kofia niliyopewa

Kaloleni, Jumapili jioni

Ndugu yangu Karisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mvua imetuhepa tena, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, lakini sote wazima. Shangazi Kadzo anakusalimu na anauliza kama huko Doha kuna mihogo. Nimemwambia ipo, huletwa kwa ndege. Akasema basi hiyo si mihogo.

Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikachukua kalamu. Unaniuliza nimekubalije uzee wa kijiji, "kuvaa kofia ya Champion", yule mzungu aliyetumwa na Waingereza kuwasimamia Wagiriama zamani, halafu unacheka mpaka unakohoa. Kwanza hakuna kofia. Nilipewa daftari na kalamu moja ya buluu. Pili, wewe ukisimama getini usiku kucha unawafungulia watu magari, hiyo kofia uliyovaa ni ya nani? Haya, tuyaache hayo.

Nikueleze lililonipata. Wiki yangu ya kwanza nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaita watu barazani. Nilitembea mpaka kandambili ikakatika. Siku ya baraza walikuja kumi na mmoja, wawili kati yao walevi waliodhani kuna soda. Juma lililofuata Shangazi, ambaye hana cheo chochote duniani isipokuwa kutunza sanduku la chama cha akina mama, alisema akiwa anachota maji kwamba kisima kina tope, Jumamosi tukizoe. Alisema mara moja tu. Jumamosi nilikuta watu hawana hata pa kusimama.

Nilipokuwa natoa tope ndipo nikamkumbuka huyo Champion wako.

Wewe na mimi shuleni tulifundishwa habari za Mekatilili kwa haraka, kana kwamba ni swali la mtihani tu: Mnyazi wa Menza, mama yake Katilili, aliwapinga Waingereza 1913, basi. Hatukuambiwa kilichowatatiza Waingereza kabla hata yeye hajasimama. Walipofika kwetu walimtafuta chifu wa Wagiriama wamshike mkono wamwambie leta kodi, leta vijana wa kulima mashamba ya wazungu. Hawakumpata, kwa sababu hakuwapo. Mambo yalikuwa ya wazee wa kambi, baraza la wazee kule kayani, makao yetu matakatifu msituni, na wao hawakuamrisha. Walikaa wakazungumza mpaka neno likawa moja. Serikali basi ikatengeneza wakubwa wake, mmoja huku mmoja kule, ikawalipa, ikawaambia wawatoe watu. Nao watu wakawaitikia "sawa", wakaenda zao kugema mnazi. Arthur Champion alipoletwa kusimamia nchi ya Wagiriama mwaka 1912, aliwakuta hao wakubwa wake wako kama mimi na baraza langu la kumi na mmoja.

Ile hadithi ya kuku unaikumbuka. Husimuliwa kwa namna nyingi, lakini mimi naipenda vile bibi alivyoisimulia: Mekatilili akaja barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia mzungu, mnyang'anye kifaranga mmoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Watoto wetu ndivyo walivyo, akasema, ukiwagusa tutakudonoa. Mzungu akachomoa bunduki akampiga kuku risasi. Zamani nilidhani hapo mzungu ndiye aliyeshinda. Sasa nikitazama, naona mtu mzima, na serikali nzima nyuma yake, amekosa la kumjibu kuku.

Lakini Karisa, kuna kipande ambacho sisi tunaomsifu Mekatilili hukiruka, na ndicho kilichoninyima usingizi. Hatukumfuata kwa maneno matamu tu. Wakati ule watu wengi walishahama kaya, wametawanyika mashambani mpaka ng'ambo ya mto Sabaki, na wazee wa kaya wenyewe walishaanza kusahaulika. Yeye alipita akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakimfuata kijiji hadi kijiji, akawarudisha Kaya Fungo. Huko wakala kiapo: wanawake kile kiitwacho mukushekushe, wanaume kile kiitwacho fisi. Atakayemtumikia mzungu, atakayelipa kodi, kiapo kitamla. Watu wakaacha kwenda. Wale wakubwa wa serikali wenyewe wakaogopa kumkaribia bwana wao.

Sasa niambie, hao walikaidi au walitii? Mimi naona walitii kuliko walivyopata kutii maishani mwao. Yupo aliyekataa kodi kwa sababu kodi ni dhuluma, na yupo aliyekataa kwa sababu aliogopa kiapo cha fisi, na ukiwatazama kwa mbali wote wawili wamekaa nyumbani. Waingereza wao walilielewa hilo upesi. Walimkamata Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali magharibi, Kisii, kisha wakawageukia wazee ili kiapo kitenguliwe. Yaani serikali yenye bunduki ilihitaji mzee wa kambi aseme neno lake ndipo watu wasikie! Mekatilili naye mwaka 1914 akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Mwezi wa nane mwaka huohuo wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikawaka. Tulipigwa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Hilo nalo tulikumbuke tunapoimba.

Nakuandikia haya kwa sababu yamenifika mwenyewe. Wiki mbili zilizopita niliitwa ofisini. Bwana mmoja, mpole kabisa, hakuinua sauti, aliniambia niandike majina ya wenye mangwe, vilabu vya pombe ya mnazi, wasio na leseni kijijini kwangu. Nikajibu "sawa mkubwa". Nakuapia, lilitoka mdomoni kabla sijalisikia. Mimi huyu, niliyegoma kidato cha tatu kwa ajili ya maharage yenye wadudu! Sikutishwa, sikuahidiwa kitu. Kiti chake kilikuwa kirefu kuliko changu na feni ilimwelekea yeye, ndiyo sababu pekee ninayoiona. Njiani kurudi nilikuwa tayari najisemea kwamba sheria ni sheria, kwamba nisipoandika mimi ataandika mwingine. Nikafika nyumbani nikaandika. Majina saba. La nne ni la Mbeyu, mjane wa Charo, unayemjua. Mangwe yake ni viti vinne na kibuyu, na ndiyo karo ya watoto wake.

Shangazi aliliona daftari mezani. Kusoma hajui, lakini alinitazama uso. Nikamsomea. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na wewe mnazi wako wa Jumamosi hununua kwa nani?" Ni la nne hilohilo, Karisa.

Tangu hapo hatujaongea vizuri. Nikimwamkia anaitikia, lakini chakula ananiwekea bila kukaa. Jumatano nikamwambia nitauchana ukurasa. Akasema nisiuchane, maana nikiuchana nitakuwa nimemwogopa yeye badala ya yule bwana, na ataandika mwingine kweli. Akasema niende nao, nikamwambie yule bwana mdomo kwa mdomo kwamba majina ninayo na simpi, na kwamba hao saba wanataka kujua leseni hupatikana wapi na kwa pesa ngapi, kwa kuwa tangu wazaliwe hakuna aliyewaambia.

Nilimwuliza, je akininyang'anya uzee? Akasema, "Uzee upi?"

Kwa hiyo kesho naenda. Tumbo linanikata tangu asubuhi, na nimepiga pasi shati mara mbili. Nilidhani nakwenda peke yangu, ila jioni hii nimewakuta akina mama wa chama uani, Mbeyu akiwa kati yao, wanapangiana nauli. Nimewaambia ofisi hufunguliwa saa mbili. Shangazi amesema wao watakuwa pale saa moja.

Nitakurekodia sauti kesho jioni. Usicheke kabla hujaisikiliza.

Wako,
Kazungu